Barua ya Wazi kwa Tume ya Ushindani: Naomba Kuuza Mbuzi kwa Leseni

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Tume ya Ushindani.

Yah: MAOMBI YA KIBALI CHA KUUZA MBUZI WA LESENI KATIKA MNADA WA MSALATO

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mkazi wa Area D, hapa Dodoma, na nakusudia kuanza biashara ya mbuzi kila Jumamosi mnadani Msalato. Mtaji wangu bado mdogo, ila mkataba wa kuwauzia wateja ninao tayari. Nimeunakili kutoka kwa watu waliotutangulia kimaendeleo, yaani makampuni ya michezo ya video.

Biashara itakwenda hivi. Mteja atamkagua mbuzi, atamfunua midomo aone meno, tutavutana bei, atalipa, atampakia kwenye bodaboda hadi kwake Nkuhungu. Akishamfunga uani, wageni wameshafika na mchele umeshachambuliwa, hapo ndipo mbuzi atagoma. Hatachinjika mpaka mteja akubali kurasa arobaini za Kiingereza.

Humo ndani ataelezwa kwamba hakununua mbuzi. Amepewa ruhusa ya kumtumia, ruhusa isiyohamishika, na ninayoweza kuifuta wakati wowote bila kutoa sababu. Haruhusiwi kumuuza tena, kumpeleka ukweni, wala kumla pamoja na majirani, maana ruhusa ni kwa matumizi binafsi. Siku nikifunga zizi langu la Chamwino, mbuzi wangu wote watakufa papo hapo, hata waliokwisha kufika Kondoa. Masharti nitayabadili usiku, na mteja akiamka akampa mbuzi majani, atahesabiwa amekubali. Mwenye malalamiko aende California.

Wahenga walituonya tusiuziwe mbuzi kwenye gunia. Mimi mbuzi namweka wazi kabisa, mchana kweupe. Kilichomo guniani ni mkataba.

Nisije nikaonekana mzushi, Ndugu Mkurugenzi, naomba niwataje walimu wangu. Sony waliuza PlayStation 3 wakiitangaza kuwa mtu anaweza kuweka humo mfumo mwingine wa kompyuta, kama Linux. Tarehe 1 Aprili 2010 wakatoa sasisho lililoondoa uwezo huo. Aliyelikataa alibaki na mashine yake nzima, ila alifungiwa mtandao wa kampuni, pamoja na michezo mipya iliyotaka sasisho hilo. Kati ya walionunua mashine hizo kwa ajili ya Linux ni Jeshi la Anga la Marekani, lililounganisha zaidi ya 1,700 kuwa kompyuta moja kubwa. Kama wenye ndege za kivita hawakuulizwa, kijana wa Makole ataulizwa na nani? Wanunuzi walikwenda mahakamani, na kampuni ikaishia kukubali kulipa fidia. Lakini kabla kesi haijaisha, Septemba 2011, kampuni hiyohiyo iliandika masharti mapya yanayowazuia wateja wake wa Marekani kuungana na kuishtaki kwa pamoja. Asiyeyataka alipewa siku 30 kutuma barua ya karatasi, kwa posta. Kukubali ni kubonyeza mara moja. Kukataa, nunua stempu. Kipengele hicho nimekichukua kama kilivyo.

Somo la zizi kufungwa nimelipata kwa kampuni ya Ubisoft. Waliuza mchezo wa magari uitwao The Crew tangu 2014, wakazima mitambo yake tarehe 31 Machi 2024, kisha wakaufuta hata kwenye orodha za mali za walioulipia. Waliposhtakiwa California, walijitetea kwamba wateja hawakuwahi kuuziwa mchezo, bali leseni tu. Utetezi mzuri sana. Lakini kuzimwa kwa mchezo huo kulikuwa kumeshasaidia kuzaa kampeni ya wachezaji wa Ulaya, ambayo kufikia Julai 2025 ilikuwa imekusanya saini zaidi ya milioni 1 zikiuomba Umoja wa Ulaya utunge sheria.

Halafu kuna hili linalotuhusu sisi moja kwa moja. Mei 2024 Sony walitangaza kuwa wachezaji wa mchezo uitwao Helldivers 2 kwenye kompyuta, waliokuwa wakicheza tangu Februari bila kulazimishwa, sasa lazima wawe na akaunti ya PlayStation. Tanzania haimo katika orodha ya nchi zenye huduma hiyo. Kusini mwa Sahara iliyokuwemo ni Afrika Kusini peke yake. Mchezo ukaondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170, yetu ikiwemo. Wachezaji walipiga kelele dunia nzima, na baada ya siku chache kampuni ikafuta amri yake, ingawa nchi zile hazikurudishwa sokoni siku hiyo.

Mnajua vijana wetu wanaishije na hali hiyo? Mwenye PlayStation hapa mjini hujiandikisha kuwa mkazi wa Johannesburg au wa Marekani. Mkataba unadai taarifa za kweli, na huduma inadai uongo. Kwa hiyo Mtanzania anavunja mkataba pale anapoandika anwani, kabla hajagusa pedi.

Sasa twendeni kwenye mabanda ya gemu, Chang'ombe na Majengo. Runinga mbili, pedi zilizofungwa gundi, benchi, na watoto wanaolipa kwa mechi. Leseni ya mchezo wa mpira wanaoucheza inasema ni kwa matumizi binafsi, si ya biashara. Maana yake kila banda la gemu nchini ni eneo la uvunjaji wa mkataba. Mwenye banda anadhani amenunua diski. Ana hata risiti. Maskini, hajui kwamba risiti inathibitisha malipo tu, haithibitishi kwamba kuna kitu kimeuzwa.

Na nani aliyebonyeza kukubali? Mara nyingi ni mtoto wa miaka 11, kwa sababu yeye ndiye anayejua vitufe. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 10, inataka hiari ya kweli na watu wenye umri wa kuingia mkataba. Tangu 2021 lugha ya sheria na ya mahakama zetu ni Kiswahili. Hapo tuna mkataba wa Kiingereza, uliosainiwa na mtoto, baada ya pesa kulipwa na baba ambaye hakuuona. Mbuzi wangu angalau nitamuuzia mtu mzima.

Msinijibu kwamba makampuni haya yako mbali, hayafikiki. Serikali ilipotaka kodi iliyafikia. Sheria ya Fedha ya 2022 iliweka kodi ya asilimia 2 kwa watoa huduma za kidijitali walio nje ya nchi, ikawataka pia wajisajili kwa ajili ya VAT. Kwa hiyo jicho la kuona mpaka ng'ambo tunalo, ila linaona pochi tu.

Wenzenu wa Australia walijaribu. Tume yao ya ushindani iliishtaki Valve, yenye duka la michezo la Steam, mwaka 2014. Kampuni ilijitetea kwamba ipo Marekani, kwamba mkataba wake unafuata sheria za jimbo la Washington, na kwamba programu si bidhaa. Mahakama ilikataa hoja zote hizo, na Desemba 2016 kampuni ikapigwa faini ya dola milioni 3 za Australia. Kosa lilikuwa kuwaambia wateja kwamba hawana haki ya kurudishiwa fedha, wakati sheria ya nchi inawapa haki hiyo. California nayo, isiyo na tabia ya kuyaonea makampuni yake, tangu Januari 2025 inataka maduka ya kidijitali yamwambie mteja waziwazi, kabla hajalipa, kwamba anachopata ni leseni.

Nanyi Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 mnayo, na kumlinda mlaji ni kazi yenu. Kukagua mikataba iliyochapwa tayari na muuzaji, ambayo mlaji hawezi kubadili hata nukta, nako ni kwenu.

Basi naomba mojawapo ya majibu mawili. Mkinipa kibali, Jumamosi nitaonekana Msalato na mbuzi wangu wa leseni, na wateja wakilalamika nitawaonyesha barua yenu. Mkininyima, mnieleze kwa maandishi sharti gani limewaudhi. Kisha sababu hizohizo mzipeleke kwa wauza michezo, mkiwataka waweke masharti yao nje ya boksi, kwa Kiswahili, mteja ayasome kabla ya kutoa hela, na wasiyageuze akishalipa.



Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwombaji,
Area D, Dodoma.