Panga Pedali Zako, Mpiga Besi Apumue

Kwanza zitoe zote kwenye ubao, hata ile uliyoinunua kwa sababu taa yake inapendeza gizani. Chomeka gitaa moja kwa moja kwenye ampu, weka besi, kati na trebo nusunusu, kisha piga wimbo mzima kuanzia ubeti wa kwanza hadi chemko. Kinachopungua hapo ndicho kitakachokuambia pedali ipi irudi. Isiyo na kazi ibaki mfukoni, na usiionee huruma kwa sababu ya bei yake.

Nazungumza na mpiga gitaa wa bendi ya dansi. Anayepiga peke yake chumbani apange apendavyo, hana wa kumkosea. Lakini bendi ikiwa na solo, sekondi solo, ridhimu na besi, kama Mlimani Park tangu mwaka 1978, au ikiwa na mi-solo katikati ya solo na ridhimu kama zile za Kinshasa, kupanga pedali ni suala la ujirani: kila gitaa lina chumba chake, na asiyejua mpaka wa chumba chake atalala kitandani kwa mwenzake.

Mipaka hiyo huwekwa na ikwalaiza. Ndiyo pedali inayodharauliwa kuliko zote kwa kuwa haina mbwembwe, nami naiweka mbele ya zote kwa umuhimu. Ile ya Boss, GE-7, ina vitelezi saba vya masafa kuanzia Hz 100 hadi Hz 6,400. Kila kimoja hupanda au kushuka desibeli 15, na cha nane ni cha sauti kwa jumla. Uzi mnene kabisa wa gitaa, ukiupiga wazi, unatoa karibu Hz 82. Wa besi unatoa Hz 41, na mlio wake wa pili unaangukia palepale kwenye 82. Kwa hiyo ukisukuma kitelezi cha 100 juu ili gitaa lako “lijae”, unakaa juu ya besi na dramu ya mguu kwa pamoja.

Kishushe. Anza na desibeli 4, nenda hadi 6. Ukiwa peke yako utahisi gitaa limekonda. Liache likonde! Besi ikiingia, unene utarudi wenyewe, na safari hii utatoka kwa mtu aliyeajiriwa kuutoa.

Ukiona vitelezi vyako vimechora tabasamu, pembeni juu na katikati chini, kifute kicheko hicho kabla ya onyesho. Sauti ya namna hiyo ni tamu dukani. Jukwaani inamezwa, kwa sababu huko katikati ndiko sikio la msikilizaji linakolitafuta gitaa. Mpiga solo akijiona amepotea anaongeza volyumu. Mpiga ridhimu hakubali kushindwa, naye anaongeza. Mwimbaji anapiga kelele. Fundi mitambo anawashusha wote, na watu waliolipa kiingilio wanasikia dramu na besi.

Mgawanyo ninaoupendekeza ni huu. Solo ipandishe Hz 1,600 kwa desibeli 3 hivi. Ridhimu ishuke kidogo palepale na kupanda kidogo kwenye 3,200, ili mikwaruzo yake isikike bila kumfunika mtu. Mi-solo ikae karibu na 800. Wapigaji watatu wakikubaliana hivyo kabla ya mazoezi, nusu ya ugomvi wa bendi umekwisha.

Sasa, ikwalaiza ikae wapi kwenye mstari? Swali hili huwagawa watu, ilhali jibu lake linategemea kazi unayoipa. Ikiwa kabla ya disto, inabadilisha kile ambacho disto itakitafuna. Shusha 100 na 200 hapo, na mkwaruzo utatoka safi, bila kuunguruma kama pipa. Ikiwa baada ya disto, inapaka rangi kile ambacho kimeshatafunwa. Anayetaka solo yake ipae juu ya bendi aiweke baada, kisha apandishe kitelezi cha sauti. Akiiweka kabla, wimbi la sauti limeshakatwa vichwa ndani ya disto, kwa hiyo atapata ukali mwingi na sauti ileile, halafu atamlaumu fundi bure.

Ijue pia tabia ya disto yako. Tube Screamer ya Ibanez inapunguza besi chini ya Hz 720 hivi kabla ya kukwaruza, na ndiyo maana katikati yake hutokeza. Ukiitangulizia ikwalaiza inayokata besi tena, utabaki na mlio wa puani. Big Muff, kinyume chake, inachimba shimo katikati. Hiyo ifuatishe ikwalaiza, ulijaze shimo. Na kokote utakakoiweka, kumbuka kwamba kila desibeli 6 ni kuzidisha volti za mawimbi mara mbili, mvumo wa umeme ukiwemo. Anayepandisha vitelezi vyote saba ameongeza mvumo tu.

Pedali nyingine hazina makuu. Tyuna itangulie, isikie gitaa likiwa safi. Kama una Fuzz Face, ile ya duara iliyotoka London mwaka 1966, itangulize hata mbele ya tyuna yenye bafa, kwa kuwa inataka kukutana na gitaa lenyewe; bafa ikiingia kati inakuwa kali na kavu. Wah ifuate, kisha kompresa, ambayo kwa rumba safi ndiyo nguzo ya vidole, halafu disto. Korasi ije baada ya disto. Delei itangulie mwangwi, na mwangwi ufunge mstari. Mwangwi ukipita kwenye disto, kila mkia wa noti unasagwa pamoja na noti inayofuata, na maneno yote ya gitaa lako yanakuwa uji. Kati ya korasi na jamaa zake, feza (phaser) pekee naipa ruhusa ya kukaa kabla ya disto, kwa sababu huko inapata koo.

Kama disto inatoka kwenye ampu yenyewe, delei na mwangwi viende kwenye lupu iliyo nyuma yake. Ampu nyingi za kukodi hazina lupu. Hapo acha ampu isafike, ukali utoke kwenye ubao.

Umeme nao usiudharau. Pedali nyingi hutaka volti 9, hasi ikiwa katikati ya plagi. Geuza hiyo na unaweza kuiunguza. Jumlisha miliampia za zote kabla ya kununua adapta, na za kidijitali zipe kila moja tundu lake peke yake, maana ukiziunganisha mkia mmoja na za analogi zitalia mluzi.

Ubao ukiwa tayari, usiupime peke yako. Ipigisheni bendi nzima wimbo ule wa mwanzo, ampu zote zikiwa kwenye sauti ya ukumbini, na kila mmoja aguse kitelezi kimoja tu kwa zamu. Na kama mpiga solo na mi-solo bado wanagombea desibeli 3 kwenye Hz 800, wote wawili wazishushe, mwimbaji apate pa kupitisha sauti yake.