Baraza la Shakwe na Namba ya Bibi Kome

Asubuhi moja ya Juni 2015, ufukwe wa San Diego uliamka mwekundu. Kaa wadogo, wengi wao hawazidi urefu wa kidole, walikuwa wametapakaa kwa maelfu pale maji yalipokomea. Waliokufa walikuwa wengi, na wachache walikuwa bado wanapigapiga mikia mchangani. Shakwe, mwenyekiti wa pwani ile, akaita baraza kabla jua halijapanda.

Mwari alitua juu ya jabali, Mnandi akaja na mabawa yake yaliyolowa. Simba-bahari alifika mwisho, akijikokota na mwanawe aliyekonda hata mbavu zikahesabika. Mwaka ule wana wa simba-bahari zaidi ya 3,000 walikutwa wamekwama kwenye fukwe za California, kwa kuwa mama zao walilazimika kwenda mbali mno kutafuta samaki, wakirudi hawana maziwa ya kutosha. Mama huyu alikaa pembeni. Hakuna aliyemsogezea nafasi wala kumwuliza habari za mtoto, na hilo ndilo linaloniuma zaidi katika hekaya hii.

"Ndugu zangu," Shakwe akafungua, "tumevamiwa. Ufukwe wetu umechafuka. Natoa hoja wavamizi hawa wafukuzwe."

"Utamfukuzaje maiti, Mzee?" Mnandi akauliza.

"Basi wazolewe."

Mwari akainua mdomo. "Kuwazoa ni hasara. Hii ni riziki, imetufuata hadi mlangoni. Tuwale."

Wajumbe wakashangilia. Hapo kaa mmoja aliyekuwa bado na uhai akajivuta hadi mbele ya jabali.

"Wazee wangu, msitule kwa pupa," alisema. "Kwetu ni huko kusini, Baja California, nchi ya Mexico. Sisi hatutambai chini tu kama kaa wengine. Sehemu kubwa ya ujana wetu tunaelea, jodari na nyangumi wakitula. Mkondo ukienda, nasi twaenda, kwani hatuna nguvu za kushindana nao. Maji ya uvuguvugu yalipopanda kaskazini yalitubeba, na mawimbi yenu yakatumwaga hapa. Chakula chetu ni vijimea vya baharini, na mwaka huu baadhi yavyo vina sumu. Atulaye sisi huenda akaila na sumu hiyo."

Alisema kweli. Sumu ile, asidi ya domoiki, ilienea pwani ndefu kiangazi kile, na msimu mkubwa wa uvuvi wa kaa wa California, uliokuwa uanze Novemba, ukacheleweshwa kwa miezi kadhaa. Lakini Shakwe alisema mgeni hana haki ya kusema barazani, na kaa akanyamaza hadi akafa.

Sauti ya pili ilitoka chini ya gati la Scripps, taasisi ya utafiti wa bahari, kule La Jolla. Alikuwa Bibi Kome, aliyeganda kwenye nguzo kama walivyoganda bibi zake wote kabla yake.

"Mwenyekiti, nawe wataka kujua wametoka wapi? Uliza maji. Tangu 1916 watu wa gati hili hupima joto la bahari kila siku na kuandika namba. Ukoo wetu umekaa hapa ukisikiliza, kila bibi akimrithisha mjukuu. Tangu mwisho wa 2013 kuna bonge la maji ya uvuguvugu katika Pasifiki ya kaskazini, na limesogea hadi kwetu. Namba nizisikiazo sasa si za majira haya."

"Bibi, kaa hawa si wageni kwetu," Shakwe akajibu. "Mwaka 1859 walitupwa hata kule Monterey, wala gati lako halikuwepo. Joto la El Niño huja, wao huja; El Niño hupita, nao hupita. Jambo lipi jipya?"

Hoja hiyo iliwaridhisha wengi, maana nusu yake ni kweli, na nusu ya ukweli hupita kwa urahisi mbele ya watu wanaotaka kwenda kula. Bibi Kome hakuikana.

"Kuja kwao ni kwa zamani, baba. Joto hupanda na kushuka, nami nimelisikia likishuka. Ila tangu siku za bibi zangu maji haya yameongezeka joto kwa zaidi ya digrii moja, na hayajarudi yalipokuwa. Anayeruka akiwa juu ya kigoda hugusa dari kabla ya anayeruka kutoka sakafuni. El Niño ya leo inaruka kutoka kwenye kigoda."

Kukawa kimya kidogo. Kisha Simba-bahari akasema kwa mara ya kwanza.

"Bibi, mwanangu alizaliwa Juni iliyopita, visiwani. Maji yalikuwaje?"

"Yalikwisha kupata joto, mwanangu. Siku hizo dagaa walikuwa wakihama kutafuta ubaridi."

Mama akamtazama mtoto, kisha akamtazama Mwenyekiti. "Naomba namba ya Bibi isomwe hapa kila asubuhi, nijue lini niende mbali na lini nibaki."

"Baraza hukutana kukiwa na jambo," Shakwe akasema, "na jambo hili tumelimaliza."

Kura zikapigwa: kaa wazolewe. Walizolewa, na waliosalia wakachukuliwa na maji. Oktoba wenzao walifika Monterey, mamia ya kilomita kaskazini, na baraza la huko likaanza upya kuuliza kama ni wavamizi au ni riziki.

Mwanzoni mwa Agosti 2018, Bibi Kome aliita kwa sauti kubwa kuliko siku zote. Kipimo cha gati kilikuwa kimefika digrii 25.9 za Selsiasi, kikapita rekodi iliyokuwa imedumu tangu 1931. Wajumbe wakaja mbio. Shakwe akazunguka ufukwe wote kwa macho, akaona mchanga mtupu.

"Kaa wako wapi?" akauliza.

Akaambiwa hawapo, akafunga baraza. Mwari na Mnandi wakaruka kurudi walikotoka. Simba-bahari peke yake aliteremka hadi chini ya gati, akasema, "Bibi, nisomee namba za wiki nzima. Nina mimba nyingine."