Usimsalimie Mwenye Pini

Kwetu Tanga ukimpita mtu bila salamu, jioni atakuja kwenu kuuliza kama kuna ugomvi. Shemeji yangu alitua Uingereza na tabia hiyo nzima nzima, na Jumamosi jirani yetu mzee akatuomba twende uwanjani tumsaidie kuunganisha glaida yake. Glaida ni ndege isiyo na injini. Hii hulala ndani ya trela refu, mabawa yamevuliwa.

Bawa moja lina urefu wa mita 7.5 na uzito wa kilo 60 hivi, karibu zote upande wa shina. Mgeni hukabidhiwa ncha. Wanasema ni heshima, lakini nadhani ni kwa sababu huko hawezi kuharibu kitu. Maboriti ya mabawa hupishana ndani ya kiwiliwili, kisha yanapigwa pini nene. Mpaka matundu yakutane, ni kelele tupu: “Inua! Shusha! Nimesema shusha, si achia!”

Zikaja pini ndogo. Katika glaida ya zamani kama ile, fito za kuendeshea eleroni (vile vipande vya nyuma ya bawa vinavyoilaza ndege upande) na breki za hewa huunganishwa kwa mkono, kupitia kidirisha nyuma ya kiti cha rubani. Kigololo kinaingia kwenye kikombe chake, kisha kipini cha usalama kinapita tunduni. Mzee alikuwa amezamisha mkono mpaka kwapani, shavu limebanwa ubavuni mwa ndege, macho kayafumba, anapapasa.

“Shikamoo, mzee!”

“Marahaba!” Kosa langu ni kwamba nilishamfundisha kuitikia, na hupenda kuonyesha ujuzi. Shemeji akaona mlango uko wazi, akaingia na Kiingereza chake: za nyumbani, mama hajambo, watoto je, na hii baridi mnaivumiliaje? Mzee alijibu yote, hata afya ya mbwa. Kisha akachomoa mkono, akaenda kwenye orodha iliyobandikwa mlangoni mwa trela, akaweka kidole mstari wa kwanza.

“Amesahau nini?” shemeji akaninong’oneza.

“Hajui. Ndiyo maana anaanza upya.”

Wakati wa chai alitueleza kisa cha Dayton, Ohio, Oktoba 1935. Ndege kubwa ya majaribio ya Boeing iliruka huku usukani wa mkiani ukiwa bado umefungwa komeo la kuzuia upepo. Ilianguka, na marubani wawili, mabingwa wa kazi yao, wakafa. Baada ya hapo marubani wa jeshi wakaanza kutembea na orodha. Shemeji aliacha kutafuna biskuti.

Kisha likaja jaribio ninalolipenda. Nilishika eleroni kwa viganja, mzee ndani akasukuma fimbo, nami nikakaza kuizuia. Fimbo ikisogea huku kipande mkononi mwangu hakisukumi, haruki mtu. Kuona kinatikisika tu hakutoshi, kwani kiungo kilichoegeshwa hutikisika vizuri sana.

Shemeji sasa alikuwa ameokoka. Alisimama mbele ya bawa, mikono kifuani, akawa askari wa kuzuia salamu. Akamrudisha kijana aliyeleta kamba, akamrudisha bibi mwenye mbwa. Akaja bwana mmoja mwenye kofia, anatabasamu, mkono kaunyoosha.

“Sasa hivi hapana,” shemeji akamwambia. “Mzee ana pini.”

Bwana yule akakaa kwenye nyasi kama alivyoamriwa. Tulipofika mstari wa mwisho wa orodha, unaotaka mtu wa pili akague kila kiungo na kutia sahihi, mzee akaanza kuuliza mkaguzi amechelewa wapi.