Mchunga wa Shangazi

Tangu shangazi yangu ateremke stendi na furushi lake la mchunga, nyumbani kwangu hakuna mboga tena, kuna dozi. Nikiuliza leo tunakula nini, naambiwa ninachoumwa. "Presha." Jana ilikuwa minyoo. Juzi kiuno. Sijawahi kumwambia mtu yeyote kwamba naumwa kiuno.

Mchunga, kwa usiyeujua, ni ule mmea wenye majani membamba marefu, ukiukata unatoa utomvu mweupe. Shambani ni gugu. Ung'oe leo, mashina yanayotambaa chini ya udongo yatakuletea mwingine. Mkulima anautukana asubuhi, jioni anaukuta kwenye bakuli, kando ya ugali. Wagiriama wanauita mutsunga, na nao wanaula. Kwa hiyo siko peke yangu, ingawa mezani ndivyo ninavyojisikia.

Sibishani na faida zake. Ni mboga ya majani, ina vitamini, ina madini ya chuma. Ugomvi wangu ni hesabu za shangazi: kwake yeye uchungu ndiyo dawa yenyewe. Mchicha, kwa kuwa haumkunji mtu uso, hautibu kitu. Siku niliyotokwa machozi alifurahi sana, akasema damu inasafishika.

Sasa tazama upishi. Anauchemsha mpaka maji yawe kijani, anamwaga. Anauchemsha tena, anamwaga. Vitamini C huyeyuka kwenye maji na haipatani na moto, kwa hiyo sehemu yake kubwa imeshapita mtaroni, inawatibu bata wa jirani. Bata wale wana afya mno! Mimi nabakiziwa uchungu, ambao hata baada ya maji mawili bado unanitosha.

Nikaomba angalau utiwe tui la nazi.

"Mwanangu, nazi itaua dawa."

Kumbe ni kinyume. Majani ya kijani yana karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na bila mafuta kidogo mwili hauifyonzi vizuri. Nikamweleza shangazi kwa adabu zote.

"Hayo umeyasoma wapi? Kwenye simu?"

Na simu hiyohiyo ndiyo inayomletea yeye jumbe za sauti kwamba mchunga unamaliza kisukari! Amezisambaza mtaa mzima. Jirani yetu, yule mwenye bata, ana kisukari, na sasa anavitazama vidonge vyake kwa jicho la kuviaga. Huyo nimemwambia bila utani: mchunga kula, mzee wangu, lakini vidonge meza, na daktari wako umweleze unachokula.

Shangazi anarudi Muheza Jumapili. Furushi ameshasema analiacha. Nazi mbili nimezificha chini ya kitanda.