Jinsi ya Kumtoa Mtoto Shuleni Bila Kumsumbua Chifu

Usianze na vitabu wala ubao. Anza na falsafa. Mzazi asiye na falsafa akimweka mtoto nyumbani huitwa mzembe, na mwanawe huitwa mtoro. Mwenye falsafa hualikwa kwenye kikao cha akina mama wa kanisa awaeleze wenzake alivyofanikiwa. Kwa hiyo kabla hujamvua mtoto sare, keti usome. Mtafute John Holt, mwalimu wa Marekani aliyeandika mwaka 1964 kwamba watoto hushindwa masomo kwa sababu shule huwatia hofu, huwachosha na kuwachanganya. Mwaka 1977 akaanzisha jarida la wazazi walioipa shule mgongo, *Growing Without Schooling*. Holt hakuwahi kupata mtoto wake mwenyewe, na ukiyasoma maandishi yake utaona jinsi alivyokuwa ametulia.

Falsafa ikishapatikana, tafuta sababu ya kuwaambia majirani. Nchini Kenya hutahangaika. Tangu Mtaala wa Umilisi uingie madarasani Januari 2019, mzazi wa Nairobi amekuwa akirudia gredi ya nne. Saa tatu usiku ujumbe unaingia kwenye kundi la WhatsApp la darasa: kesho kila mtoto aje na karatasi ya manila, manyoya ya kuku na picha yake akifagia uwanja. Unakimbilia saiba kabla hawajafunga. Unarudi kushona sanamu ya kutishia ndege, mwenye kazi akiwa amelala fofofo, na Ijumaa mwalimu anairudisha na maoni kwamba anakaribia matarajio. Mtu aliyekwisha kupimwa hivyo akiwa na shahada mbili ana haki ya kujiuliza karo anamlipia nani.

Sasa sheria. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamwamuru mzazi ampeleke mtoto shuleni, na anayekaidi anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, kufungwa hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Suala la kusomesha nyumbani limewahi kufikishwa mpaka Mahakama Kuu. Lakini usikose usingizi. Sheria hii mtekelezaji wake ni chifu, na chifu hutembea kwa miguu. Hakikisha tu unaishi penye geti. Soja atamwandikisha jina, nambari ya kitambulisho na nyumba anayokwenda, kisha atapiga simu kwako, na simu itapokewa na mtoto atakayemwambia kwa lafudhi ya katuni kwamba mama yuko kwenye mkutano. Januari 2020, machifu walipotumwa kupita nyumba kwa nyumba kuwasaka waliomaliza darasa la nane bila kuripoti kidato cha kwanza, sikusikia hata mmoja aliyeonekana Muthaiga kwa matajiri.

Kuhusu mtaala, kuna makundi mawili. La kwanza huagiza vitabu. Umemtoa mtoto shuleni ili awe huru, kwa hiyo unamnunulia mtaala wa Kikristo uliozaliwa Texas mwaka 1970, ambao mwanafunzi wake hukaa peke yake akitazama kizuizi cha mbao, hujaza kijitabu kimoja baada ya kingine, na akiwa na swali husimamisha kibendera juu ya meza. Usicheke. Fikiria mara ngapi ungependa wanao wasimamishe bendera kabla ya kukuita ukiwa bafuni.

Kundi la pili ndilo la wafuasi halisi wa Holt. Hawa hawana ratiba, somo wala jaribio. Mtoto hufuata anachokipenda, nawe unamfuata yeye. Mtoto anaipenda tableti. Subiri. Walimu wa njia hii wanasema ataikinai, nawe huruhusiwi kuuliza ni mwaka gani. Wakati ukisubiri, geuza maisha kuwa somo bila yeye kujua. Chapati ikitoka motoni, ikate, uliza nusu ya robo ni kiasi gani. Mafuta ya gari yakipanda, uliza Mombasa itagharimu nini. Muda si mrefu mtoto ataacha kuomba chapati na atakataa kwenda Mombasa.

Nani atafundisha? Vitabu husema “wazazi.” Maana yake ni mama. Baba atashika Sayansi, Jumamosi, kama hakuna mechi. Mama atapunguza kazi, kisha ataacha kazi, kisha ataanza kuuza keki mtandaoni na kuziita somo la biashara. Siku zake za mikutano, mwalimu atakuwa Anti, yule msichana wa kazi aliyeachia shule kidato cha pili kwa kukosa karo. Hapa kaa macho. Anti atakaa na mtoto mezani kwa sababu umemwambia asimwache na tableti, na mtoto akisinzia juu ya usanisinuru, yeye ataendelea kusoma. Atamaliza kijitabu. Atauliza kama kuna kingine. Jioni utamkuta jikoni akikorofishana na jibu la nyuma ya kitabu, naye ndiye mwenye haki. Falsafa yako haikusema lolote kumhusu, na hata ukiipekua tena hutamwona humo. Mwambie sufuria inaungua.

Ndugu zako utawamudu, isipokuwa mama mkwe. Atapiga simu kutoka kijijini, atauliza hali ya kila mtu mpaka ng'ombe wa jirani, halafu ashushe sauti: “Mwanangu, karo imewashinda? Mbona hamkusema tuite harambee?” Usithubutu kumsomea Holt. Ikatae harambee kwa heshima, ila si kabla ya kujua imefika ngapi.

Kisha litakuja swali ambalo kila mtu hudhani amelibuni yeye: mtoto atacheza na nani? Jibu ni kuogelea Jumatatu, karate Jumatano, piano Alhamisi na msituni Karura Ijumaa. Utagundua kwamba unainunua upya shule ile ile kwa vipande, kwa bei ya rejareja. Ukishachoka kuendesha gari, utakutana na wazazi wengine waliochoka, mtaanza kukusanya watoto kwenye nyumba ya mmoja wenu, mtamwajiri mwalimu mstaafu, mtashona fulana za rangi moja ili wasipotee kwenye matembezi, na mama mmoja mwenye bidii ataleta ratiba. Atakayekuwa wa kwanza kutaja kengele, mtozeni faini.

Mtihani usikucheleweshe. Vipo vituo vinavyowapokea watahiniwa wa kibinafsi wa Cambridge, na pesa yako haiulizwi ilisomea wapi.

Limebaki jambo la vitendo. Nje ya geti lenu kuna kibanda cha mama mboga, na siku ambazo pesa za shule hazikupatikana mwanawe wa miaka kumi hushinda hapo. Hujumlisha sukumawiki, vitunguu na salio la M-Pesa bila kalamu. Hubishana na wateja kwa Kikamba, Kiswahili na Kiingereza. Anajua nyanya za Loitokitok hupanda bei lini na nani anafaidika. Hana ratiba, hana jaribio, na hakuna anayemkatia chapati vipande ili amfundishe. Mtoto wako wa kitabuni ndiye huyo. Chifu naye hamkosi, maana kibanda hakina soja wa kumwandikisha. Mwazime mama yake kitabu chako cha Holt, awe nacho siku atakayoitwa ofisini. Mwambie tu akirudishe kikiwa safi, kwa sababu kiliagizwa kutoka ng'ambo.