Tonge la Kijani na Chungu cha Mama Mkwe

Wifi yangu alishuka kwenye basi la Dar es Salaam akiwa amekumbatia chupa kama mtu aliyebeba mayai. Ndani mlikuwa na matonge mawili ya kijani, kila moja sawa na ndimu, yenye manyoya laini kama kifaranga. "Huu ni mwani wa Kijapani," akamwambia mwanangu. "Uweke na samaki wako, hauna usumbufu."

Sebuleni kwetu Lipangalala, mjini Ifakara, palikuwa na tangi la kioo lenye perege wadogo wanne, ambao mwanangu mwenye miaka 10 alipewa na wavuvi wa Mto Kilombero. Tangi lilikaa dirishani, upande wa machweo, ili kila mgeni alione. Ulikuwa mwezi wa Novemba, na anayeijua Ifakara ya Novemba anajua joto lake: bati linalia, kuku wanahema kivulini, maji ya ndoo yanakuwa vuguvugu kabla ya saa sita.

Baada ya wiki mbili tonge moja likaanza kugeuka rangi ya chai. La pili likabaki kijani kibichi. Mimi nikasema lile la kahawia limeoza, litupwe. Mwanangu akalia. Baba yake, mkulima wa mpunga tangu utotoni, akalitazama kama anavyotazama jaruba lililopata manjano, akasema, "Lina njaa hili." Akaenda stoo, akarudi na urea kiganjani, akanyunyiza.

Siku ya tatu maji yalikuwa kama mchuzi wa kisamvu, na perege walikuwa juu juu, midomo wazi, wanatafuta pumzi. Mbolea inayonenepesha mpunga ikikaa majini hugeuka amonia, na amonia ni sumu kwa samaki. Wawili walikufa. Waliobaki tuliwahamishia kwenye beseni la maji safi, matonge tukayatia kwenye bakuli jikoni, na nyumba nzima ikalala na huzuni.

Jioni ile ile alikuwa amefika mama mkwe kutoka Mngeta, na mama mkwe hajui kukaa bure. Alfajiri tulimkuta uani, sufuria ya wali mapajani, anasugua ukoko kwa tonge la kijani.

"Mkwe wangu," akaniambia, "hili dodoki lenu halina nguvu."

Kabla sijapata jibu, tonge likapasuka mkononi mwake. Ndani mkatokea kipande cha sponji cheupe kilichozungushiwa uzi mweusi, na vijani vikatawanyika kwenye povu. Mama mkwe akaweka sufuria chini, akamshika mjukuu wake mikono yote miwili, akamwomba radhi. Mtoto hakulia. Alikimbia jikoni, akaleta lile la kahawia, tukalikamua polepole. Lilitoa maji, kisha likarudia umbo lake. Tukalipenua kidogo kwa kidole: nyuzi za mwani hadi katikati, wala hamna sponji. Kumbe lile lililokuwa likipendeza ndilo la kufungwa kwa uzi, na hili nililotaka kulitupa ndilo la kweli.

Usiku nikasoma kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Wajapani wanaliita marimo, na jina lake la kisayansi ni Aegagropila linnaei. Halina mzizi wala jani. Ni nyuzi za mwani zilizosokotana. Katika Ziwa Akan, kisiwani Hokkaido, mawimbi huyaviringisha matonge haya sakafuni mwa ziwa hadi yawe mviringo, na Japani imeyalinda kama urithi maalumu wa asili tangu 1952. Ziwa hilo huganda barafu wakati wa baridi. Tonge hukua kama milimita 5 tu kwa mwaka. Linapenda mwanga hafifu na maji yasiyozidi nyuzijoto 25. Likigeuka kahawia, jua au joto limezidi. Likilegea na kunuka, linaoza. Lile la uzi lilikuwa mmea mwingine, wa nchi za joto, ndiyo maana Novemba yetu haikulisumbua.

Asubuhi nilipomweleza mama mkwe, alisikiliza hadi mwisho. "Kama linataka ubaridi," akauliza, "kioo cha nini?" Akaenda nyuma ya jiko, akarudi na chungu chenye mdomo mpana alichonipa nilipoolewa, nilichokuwa nimekigeuza kifudifudi tangu tununue friji. Akakiosha, akakijaza maji yaliyolala usiku kucha, akakiweka kwenye kivuli karibu na mlango. Udongo unatoa jasho, na jasho likikauka huondoka na joto. Tonge likaingia humo.

Mwanangu alitaka kumwaga maji ya zamani mferejini, yaende zake Mto Lumemo. Nilimzuia, na hapo sikuwa na mzaha. Machi 2021, nchini Marekani, kome wavamizi wenye milia walikutwa ndani ya matonge kama haya yaliyokuwa yakiuzwa madukani. Na gugu maji lililosumbua wavuvi wa Ziwa Victoria ni mmea wa Amerika Kusini uliopendwa kwa maua yake. Bonde letu la Kilombero liko kwenye orodha ya ardhi oevu za Mkataba wa Ramsar tangu 2002. Linatupa wali na samaki. Mabaki ya tonge la uzi tuliyachemsha, na maji tukayamwaga kwenye udongo mkavu chini ya mwembe, mbali na mfereji.

Sasa kila Jumapili mtoto anabadilisha maji, analikamua tonge taratibu, analigeuza ili kila upande uone mwanga. Perege wawili wamerudi kwenye tangi lao, mbali na dirisha. Mwezi wa Februari upande mmoja wa tonge ulianza kuwa kijani. Mwanangu amepiga hesabu: likienda kwa mwendo wake, litakuwa sawa na chungwa yeye akiwa na miaka 16.

Mama mkwe alipokuwa anarudi Mngeta, nilimsindikiza hadi stendi. Nikarudi kupitia sokoni, nikanunua chungu cha pili, cha maji ya kunywa.