Milimita za Kamati

Kama hujawahi kutengeneza kadi za mchango mbele ya kamati nzima ya harusi, bado hujafanya kazi ya usanifu. Mimi nina kibanda cha steshenari hapa Ngumbo, ufukweni mwa Ziwa Nyasa: fotokopi, picha za pasipoti, fulana za kwaya, mabango ya harusi, na ratiba za mazishi, ambazo siku zote zinatakiwa jana. Kompyuta ni moja na benchi ni moja. Wateja hukaa nyuma yangu wakikodolea kioo macho kama mashabiki wa fainali, kila mmoja kocha.

Natumia Inkscape, programu ya bure ya kuchora. Humo ndani jina la bwana harusi, ua na fremu vyote vina anwani zake za namba. Kusogeza vitu kwa mausi ni bahati nasibu. Mkono ukitetemeka tu, bibi harusi anakalia tarehe. Kwa hiyo kazi ya heshima hufanywa kwa namba. Unachagua kitu, unabonyeza Ctrl, Shift na M kwa pamoja, linafunguka dirisha lenye visanduku viwili, cha mlalo na cha wima. Ukiandika milimita 3 na kubonyeza kitufe cha kutekeleza, kitu kinasogea milimita 3 kamili. Hakijui mjomba wala shangazi.

Kamati ndiyo inayojua.

"Mwanangu, hayo maua yasogee kulia kidogo," alisema Mama Mwenyekiti.

"Kiasi gani, mama?"

"Si wewe ndiye fundi?"

Nikaandika 3. Kwenye kadi ya A6, yenye upana wa milimita 105, hizo zinaonekana kwa macho. Mwenyekiti akasema yamepitiliza. Mweka hazina akasema hayajasogea hata chembe. Katibu, ambaye alikuwa anaongea na simu, akasema yarudishwe yalipokuwa.

Mama Mwenyekiti akaona maneno hayasaidii. Alikuwa ametoka kuanika usipa, akaja moja kwa moja, akabandika kidole kwenye kioo: "Yaishie hapa!" Yakaishia hapo, shauri likaisha. Kidole kilipoondoka kikaacha duara la mafuta linalong'aa, na gamba moja katikati. Punde mweka hazina akauliza hiyo nukta kando ya jina la bwana harusi ni ya nini, na kama ni urembo, basi ihamie kwenye kona. Nikasogeza ukurasa mzima, nukta haikubanduka. Nikakuza picha, nukta haikukua. Katibu akatangaza kwamba kompyuta ina virusi. Nilipochukua kitambaa na kufuta kioo, walipiga makofi.

Balaa lilikuwa kwenye kisanduku cha tiki. Dirisha lile lina tiki inayoamuru kitu kihesabiwe kuanzia kilipo sasa, siyo kuanzia kona ya ukurasa. Ukiiacha tiki hiyo ilipo, kila ukibonyeza kitu kinaongeza hatua. Umeme ulikuwa unacheza siku hiyo, na kompyuta ikawa inatafakari kila amri. Kijana mmoja wa kamati akaona nachelewa, akanyoosha mkono kunisaidia. Akabonyeza, kimya. Akabonyeza tena, na tena, safari hii kwa hasira. Kompyuta ilipozinduka ikatii amri zote kwa zamu: picha ya bwana harusi ikatembea, ikapita maua, ikavuka ukingo wa kadi, ikatokomea.

"Nilisema mimi, huyu kijana hatulii," akasema mama yake bibi harusi.

Nikabonyeza Ctrl na Z mara kadhaa, bwana harusi akarudi hatua kwa hatua. Mama mtu hakufurahi sana.

Bango kubwa huchapwa Mbinga, na fundi wa huko anatumia programu nyingine. Akanipigia: "Jina liongezee wima 20." Kwake sufuri iko chini na namba zinapanda, kama tulivyofundishwa shuleni. Inkscape nayo ilikuwa hivyo, lakini tangu toleo la 1.0 la mwaka 2020 huanza kuhesabu kwenye kona ya juu kushoto na kuteremka. Ishirini yake inapaa, ishirini yangu inazama. Tulikuwa sahihi wote wawili, na kamati, iliyokuwa inasikiliza kwa spika, ikaamua kwamba mmoja wetu amekunywa ulanzi.

Ubishi wa kupimia wapi si mgeni kwenye maji haya. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani ziliwekeana mkataba wa mipaka, na hadi leo Malawi inashikilia kwamba mpaka unafuata ufukwe wetu, Tanzania nayo inasema uko katikati ya ziwa. Katibu alitaka nyuma ya kadi iwekwe ramani ya kufika ukumbini, ziwa zima lionekane. Ramani niliyoipata ilikuwa na mstari wa mpaka uliolala ufukweni. Mzee mmoja akauona, na habari za ukumbi zikaishia hapo.

"Shikamoo mzee, tulia kwanza," nikamwambia. Ziwa pale lilikuwa na upana wa milimita 40. Nikachagua mstari, nikaandika hasi 20 kwenye mlalo, ukahamia katikati ya maji.

Mzee akasimama. "Kumbe ndiyo hivi tu! Sasa Dodoma wanashindwa nini?"

Tangu hapo nimebandika masharti ukutani. Kamati ije na rula, na ikubaliane kabla ya kuingia kwamba inapimia kutoka kona ipi. Wajumbe wasizidi wawili. Mikono ioshwe. Na malipo, ambayo mpaka sasa kamati imeyaacha kwenye sufuri, yasogezwe upande wa chanya kabla kadi hazijachapwa.